Milima Iliyojengwa kwa Uji

Siku ya tatu baada ya kumzika Baba, mmoja wa kina mama waliokuja matangani alisahau sufuria ya uji nyuma ya nyumba. Jua la Kakuma halina huruma na chakula. Kufikia alasiri uji ulikuwa umechacha na kufura, na nilipoinama kuumwaga, harufu yake ikanikaba kooni. Waliokuwa karibu walidhani nalia kwa sababu ya msiba. Ni kweli nilikuwa nalia, lakini wakati huo sikuwa pale matangani. Nilikuwa na miaka kumi, nimepiga magoti kwenye chumba chetu cha matofali ya udongo, mikono imejaa karatasi na uji hadi viwikoni, na Baba ananiambia nisiubonyeze sana mlima, utapasuka.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kambini mtanielewa upesi. Wengine nawaomba kitu kimoja kabla sijaendelea: wekeni huruma zenu kando. Tumehurumiwa vya kutosha, tumepigwa picha tukihurumiwa, na bado watu wanatuuliza tunatoka wapi kwa sauti ile ile ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Habari ninayoitoa hapa ni ya nchi moja ndogo yenye milima mingi, ambayo kwa muda wa wiki kadhaa ilikaa nyumbani kwetu juu ya dirisha.

Nilizaliwa Kakuma, kambi ya wakimbizi huko Turkana, kaskazini mwa Kenya. Baba na Mama walitoka Burundi, nchi ambayo sikuwahi kuiona na ambayo ilikuwa ikitajwa nyumbani kila siku, kama jamaa aliye safarini. Huko Baba alikuwa mwalimu. Huku Kakuma alikuwa fundi wa baiskeli. Alikaa chini ya mti wa mathenge kando ya njia ya kwenda sokoni, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi hata siku ya Jumapili kanisani. Mara tatu alikuwa amepeleka maombi ya kufundisha, na mara tatu mwalimu mkuu wa shule yetu alimuuliza vyeti viko wapi. Vyeti viliungua pamoja na nyumba. Mara ya tatu Baba alirudi, akakaa kwenye gogo lake, akachukua tairi ya mtu na kuanza kuiziba. Hakulitaja tena jambo hilo.

Mwalimu wetu wa darasa la nne aliitwa Ekiru, Mturkana wa Lokitaung, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali. Alipoingia alitusalimu "Ejok!" nasi tukajibu "Ejok-noi!" mpaka mabati yakatikisika, kwa maana tulikuwa zaidi ya mia. Kitabu kilikuwa kimoja tu, chake. Siku hiyo alikuwa anafundisha nchi za Afrika Mashariki, na alipofika Burundi alisoma mstari mmoja, akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Burundi. Nchi kidogo. Ya milima. Imefungiwa pande zote, haina njia ya bahari. Haina kitu. Tuendelee."

Sijui ni nani aliyenisimamisha. Nilijikuta tu niko wima.

"Si kweli, Mwalimu."

"Nini si kweli?"

"Kwamba haina kitu."

Aliniangalia, kisha akaliangalia darasa, akitabasamu. "Haya. Iko na nini?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Nilijua maneno ya Kirundi ya kuombea maji na ya kukemea mbuzi. Nilijua jina la mlima wa kina Baba, Gasenyi. Basi nikasema, "Iko na Gasenyi."

Darasa lote lilicheka, hata Warundi wenzangu. Mwalimu Ekiru alininyoshea kidole mlangoni. "Enda upige magoti huko nje mpaka ukumbuke iko na nini ingine."

Mchanga wa Kakuma saa sita unaujua mwenyewe ukiwa umeupigia magoti. Nilikaa pale nikiitazama milima ya Pelekech kule mbali, ya buluu asubuhi na ya kijivu mchana, mawe matupu kutoka chini hadi juu. Nyumbani walikuwa wakisema kwamba kwetu watu wanalima maharage mlimani hadi kileleni. Nikiitazama Pelekech niliona kwamba wazazi wangu ama ni waongo ama wana wazimu. Lakini zaidi ya hilo nilikuwa nawaza neno la Mwalimu. Imefungiwa. Mtoto husikia neno kama lilivyo. Nilichokiona akilini ni nchi yenye mlango wa bati na kufuli kubwa la shaba, kama lile la stoo ya mgao, na nikafurahi kidogo, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini haturudi.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza Mama ni nani aliye na ufunguo wa Burundi. Alikuwa anapepeta mtama, na hakuinua kichwa.

"Wakubwa," alisema. "Wakubwa ndio wana funguo zote."

Baba alikuwa amesikia habari ya adhabu. Aliniinua gauni kidogo, akatazama magoti yangu yaliyobabuka, akaliteremsha. Kisha akauliza Mwalimu alisemaje hasa, neno kwa neno. Nikamwambia.

"Amekuuliza swali," alisema. "Iko na nini? Ni swali la haki, mwananje. Tutamjibu."

Nafasi ya kumjibu ilikuwa inakuja. Shule zote za eneo zilikuwa zimealikwa Lodwar kwenye maonyesho ya wanafunzi kuhusu mazingira, na Mwalimu Ekiru alikuwa ametuambia kila mtu atengeneze kitu kwa mikono yake. Kitakachopendeza kingepelekwa. Wenzangu walifinyanga ngamia, ng'ombe na vijumba vya udongo. Baba yeye alienda moja kwa moja dirishani, akaling'oa dirisha letu. Lilikuwa limeundwa kwa mikebe ya mafuta ya mgao iliyopondwa ikawa bapa na kupigiliwa misumari kwenye fremu. Akalilaza chini sakafuni.

"Hapa ndipo itakaa," alisema.

Upepo wa Kakuma haukungoja. Vumbi liliingia kwa tundu la dirisha likatua juu ya vyombo, juu ya godoro, ndani ya mtungi. Mama alifunika mtungi kwa khanga. Baba alipookota magazeti makuukuu, mifuko ya simiti na katoni, akavirarua vipande vipande na kuviloweka, Mama alivumilia. Lakini alipoona Baba anateka unga kutoka kwenye gunia, hakuweza tena.

"Baba Nadine! Unga wa kula?"

"Kidogo tu, wa kugandisha karatasi."

"Mgao umepunguzwa. Mwezi haujafika hata nusu. Watu wanalala na njaa, wewe unachukua unga wa mtoto unajengea milima?"

"Ndiyo," alisema Baba.

Sitamtetea. Mama alikuwa na haki, na nimekuwa mama mwenyewe sasa, ningesema maneno makali zaidi ya yale. Siku zile tulikunywa uji mwepesi hata unauona mwisho wa kikombe kabla hujaanza kunywa. Lakini ninakumbuka pia jinsi Baba alivyosema ile ndiyo, bila kupandisha sauti na bila kuomba radhi. Kwa miaka yote niliyokuwa nimeishi naye, alikuwa amekubali kila alichoambiwa. Aliambiwa ngoja, akangoja. Aliambiwa foleni ni ile, akahamia ile. Unga ule ulikuwa kitu cha kwanza nilichomwona akimkatalia mtu yeyote.

Tulifanya kazi kila alasiri baada ya shule. Kwanza Baba aliinua mgongo mmoja mrefu kutoka kaskazini hadi kusini, karibu na ukingo wa magharibi. Akapitisha kidole juu yake.

"Huu ndio uti wa nchi. Tone la mvua likianguka upande huu linateremka kwenye ziwa, linaingia Kongo, linaenda hadi bahari ya magharibi. Likianguka huku, hatua mbili tu, linashika njia ya Nile. Linapita Uganda, linapita Juba, linafika Misri."

"Juba ya kina Nyandeng?" Nyandeng alikuwa jirani yangu darasani, kutoka Sudan Kusini.

"Juba hiyo hiyo."

Kesho yake nilimwambia Nyandeng kwamba maji yao yote yanatoka kwetu na kwamba awe na adabu. Alinipiga kofi, nami nikamrudishia, tukagawanywa na watoto wakubwa. Sijutii. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na kitu cha kuringia.

Baada ya mgongo vilikuja vilima, vingi mno hata nikachoka. Kila nikidhani tumemaliza, Baba alinipa donge jingine. Alisema kwao mtu haulizwi anatoka kijiji gani, anaulizwa yeye ni wa mlima gani, na kila mlima una watu wake, migomba yake, na kijito chake bondeni. Alisema asubuhi mtu akizungumza moshi unamtoka mdomoni kwa baridi. Nilimsikiliza kwa mashaka. Kitu kimoja kilikuwa kimenisumbua tangu utotoni kabisa, na sasa nikakiuliza.

"Watu wanaokaa juu ya mlima, wakilala hawaviringiki?"

Baba aliniangalia, kisha akacheka. Alicheka mpaka akaketi chini, akajifuta macho kwa mkono wenye uji, na uji ukabaki kwenye nyusi. Mama alichungulia kutoka nje kuona kuna nini. Sikuwahi kumsikia Baba akicheka hivyo, na niliuliza swali lile lile tena kesho yake, na kesho kutwa, nikijua jibu.

Mama naye alitekwa na ziwa. Baba alikuwa amelichora Ziwa Tanganyika upande wa kushoto na kulipaka bluu ya kufulia. Mama alikuja kuchukua mwiko, akasimama, akalitazama.

"Ziwa lako limekaa kama soksi," alisema.

"Liko hivyo."

"Wewe mtu wa mlimani, ziwa umelionea wapi?" Mama alikuwa mzaliwa wa Rumonge, ufukweni kabisa, na baba yake alikuwa mvuvi. Aliweka mwiko chini, akapiga magoti, akamsukuma Baba kwa kiwiko. "Pwani inaingia ndani hapa. Hapa kuna michikichi. Rumonge iko hapa, siyo hapo ulipoiweka, hapo ungezama." Akachovya kidole kwenye uji ule ule aliokuwa akiulilia, akaanza kuurekebisha ufuko.

Wakati akifanya kazi alinionyesha jinsi meli zinavyotoka Bujumbura kushuka hadi Kigoma, na kutoka Kigoma garimoshi mpaka Dar es Salaam. "Nani anasema imefungiwa?" alisema. "Chumvi tuliila. Vitambaa tulivivaa."

"Kwa hiyo hakuna kufuli?"

Waliangaliana. Ilibidi niwaeleze yote, mlango wa bati, shaba, stoo ya mgao. Mama alikumbuka jibu alilonipa, akaona haya. Hakuna aliyecheka mara hii.

"Kufuli lipo," Baba alisema mwishowe. "Lakini si milima iliyoliweka."

Nchi ilikauka kwa siku nne na ikanuka siku zote nne, kwa uchachu wa uji na wino wa magazeti. Siku ya tatu mbuzi wa jirani alitia kichwa kwenye tundu la dirisha akala pembe ya kaskazini-mashariki yote, na Mama akamfukuza kwa ufagio hadi kwenye laga, kile kijito kikavu, akimwita majina ambayo sikujua kwamba anayajua. Baba alijenga upya sehemu iliyoliwa. Milima akaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye mkebe wake wa baiskeli. Jina aliniachia niandike mwenyewe, na nikaliandika upande wa chini kwa herufi kubwa: BURUNDI.

Mwalimu Ekiru alipoiona juu ya dawati aliizunguka mara mbili. Aliigusa milima kwa ncha ya kidole.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi na Baba na Mama."

"Kijani hii yote ni ya ukweli?"

"Ni ya ukweli, Mwalimu."

Akakuna shingo. "Itaenda Lodwar," alisema. Hakutaja magoti yangu, nami sikuyataja.

Baba alitaka kunisindikiza. Aliomba kibali cha kutoka kambini, akaambiwa arudi wiki inayofuata, ambapo maonyesho yangekuwa yamekwisha. Kwa hiyo alitubebea nchi hadi kwenye lori, akaifunga kwa kamba za mpira wa tairi, akaijaribu kamba kila upande, kisha akasimama kando ya barabara mikono ikining'inia. Nilimpungia mkono mpaka vumbi likamfunika.

Kwenye kizuizi nje ya mji polisi waliteremsha watoto wote. Mmoja wao alipanda juu, akafunua shuka lililofunika milima.

"Hii ni nini mmebeba?"

"Ni nchi," nilisema.

"Nchi ya kubebwa kwa lori?" Wenzake walicheka. "Ndani kuna nini?"

"Karatasi na uji, Afande," alisema Mwalimu Ekiru.

Afande alikuwa na kile chuma chembamba cha kuchomea magunia. Alikiingiza katikati ya mlima hadi kikagonga bati, akakizungusha, akakichomoa. Hakukuwa na kitu. Akashuka akatuambia twende. Palibaki tundu la ukubwa wa kidole, karibu kabisa na mahali ambapo Baba alikuwa amenionyesha Gasenyi. Nilitaka kulia, lakini nilikuwa naangaliwa na watu wengi mno. Niliuma midomo njia yote ya Lodwar, nikiwa nimekumbatia fremu ya dirisha letu.

Maonyesho yalikuwa katika ukumbi wa shule moja, na mbele walikuwa wametundika kitambaa kilichoandikwa MAZINGIRA YETU. Kulikuwa na manyatta za vijiti, ziwa lililotengenezwa kwa kioo kilichovunjika, na mashine ya upepo iliyozunguka kweli. Mwamuzi mkuu alikuwa bwana mmoja mwenye tai, aliyetoka Kenya. Waturkana husema hivyo mtu akitoka kokote kupita Kitale, na siku hiyo nilianza kuelewa kwa nini. Alipofika mezani kwangu alisoma jina, akainama.

"Hili shimo ni la nini? Volkano?"

"Hapana. Ni shimo la polisi."

Watu wawili watatu walicheka. Yeye hakucheka.

"Nyumbani kwenu ni wapi, binti?"

"Kakuma."

"Basi mbona umetengeneza Burundi? Mada ni mazingira yetu."

"Burundi pia ni kwetu."

"Huwezi kuwa na kwenu kuwili." Akatoa kalamu nene mfukoni akaniwekea mezani, kwa upole kabisa, na mpaka leo naamini alidhani ananisaidia. "Ni kazi nzuri. Futa hilo jina uandike Kakuma, nami nitakupa alama zako."

Niliitazama kalamu. Nilifikiria vumbi kwenye godoro. Nilifikiria uji unaouona mwisho wake. "Kakuma haina milima ya kijani," nilisema. "Itakuwa uongo."

"Ni sawa tu." Sasa alikuwa anamgeukia Mwalimu Ekiru, mtu mzima kwa mtu mzima. "Mwalimu, mweleze mtoto. Kwani huko Kakuma kwenu kuna nini cha kutengeneza? Mchanga tu. Hakuna kitu."

Mwalimu Ekiru alikuwa amesimama nyuma yangu. Niligeuka kumtazama, nikijua amri itakuwa ipi. Alikuwa anamtazama yule bwana kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe ikitoka mdomoni mwa mwingine. 

"Hafuti," alisema.

"Shule yako itakosa nafasi."

"Ikose."

"Kanuni ni kanuni, Mwalimu."

"Sikia, bwana. Mimi ni wa Lokitaung. Tangu nizaliwe watu wanakuja na tai wananiambia hapa hakuna kitu. Na mimi nikaenda nikaambia huyu mtoto hivyo hivyo, nikampigisha magoti kwa jua. Yeye amenijibu na mlima. Sasa nimwambie afute?" Aliichukua kalamu, akamrudishia mwenyewe. "Hafuti kitu."

Wakatutoa ukumbini. Tuliibeba nchi sisi wawili, yeye mbele na mimi nyuma, tukaiweka barazani juu ya madawati mawili mabovu, na pale nikakaa siku nzima bila nambari na bila alama. Na watu wakaja. Walioingia walipita kwangu kwanza na waliotoka walipita kwangu tena. Niliwaambia juu ya mgongo na matone mawili ya mvua. Niliwaambia juu ya baridi. Mama mmoja wa Kiturkana, muuza samaki wakavu kutoka Lowarengak, alitua mzigo wake chini akaelekeza kidevu kwenye bluu.

"Hii maji ni ziwa yetu?"

"Hapana, Mama. Ni Tanganyika."

"Samaki iko?"

"Iko. Mama yangu anasema ni tamu sana."

"Haiwezi kushinda mbuta yetu," alisema, na jambo hilo likawa limekwisha. Kisha akaangalia milima muda mrefu. "Ni mahali mzuri. Mbona mliacha?"

"Tulifukuzwa."

Alitema mate kando, akaniuliza waliotufukuza wanaitwa nani, kana kwamba angekwenda kuwatafuta akimaliza kuuza samaki.

Ndani ya lori, wakati wa kurudi, Mwalimu Ekiru alinuna. Shule nyingine zilikuwa na vyeti vya kupeperusha. Sisi hatukuwa na kitu. "Umenitia matatani, wewe," alisema. "Mwalimu mkuu atanila." Tulikuwa tumekaribia kambi alipouliza kazi ya Baba.

"Fundi wa baiskeli."

"Mbele ya hapo?"

"Alikuwa mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

"Jografia."

Alifumba macho, akaegemeza kichwa kwenye ubao wa lori. "Na mimi nikasoma mstari moja," alisema. 

Siku mbili baadaye alienda kwa Baba chini ya mathenge, akisukuma baiskeli isiyo na ubovu wowote. Nilikuwa pale nashika pampu. Baba aliikagua, akazungusha magurudumu, akasema haina shida.

"Najua," alisema Mwalimu Ekiru. "Kesho njoo darasa la nne, saa nne. Ufundishe."

Baba alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mwalimu, sina vyeti. Nilishaulizwa."

"Mimi nimekuuliza vyeti?"

Asubuhi Mama alimnyoshea shati kwa sufuria yenye makaa. Baba alisugua kucha kwa mchanga na sabuni mpaka zikatoka damu, na grisi ikabaki pale pale. Aliingia darasani saa nne kamili, na Mwalimu Ekiru akaketi nyuma pamoja nasi, magoti yamepanda hadi kidevuni kwenye dawati la watoto. Baba alichukua chaki.  Alianza na Turkana, si Burundi. Alichora ziwa lao, akachora mto Turkwel unakotoka na unakoishia, akawauliza watoto wa Kiturkana majina ya milima yao, na kila jina walilomtajia aliliandika. Pelekech. Songot. Walipigana kutaja. Kisha akashuka kusini, polepole, nchi kwa nchi, hadi akafika kwetu.

Hapo ndipo mlango ulipotiwa kivuli. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama kizingitini, funguo mkononi, akimtazama fundi wa baiskeli aliye mbele ya darasa lake.

"Nani amemruhusu huyu?"

Mwalimu Ekiru alisimama kutoka kwenye dawati, na kwa urefu wake ilichukua muda. "Mimi," alisema. "Anafundisha jografia."

"Ana karatasi gani?"

 Nilimtazama Baba, yule aliyekuwa akiambiwa ngoja, akangoja. Nilimwona akilisikia swali lile la vyeti kwa mara ya nne. Chaki yake ilikuwa katikati ya mgongo wa milima. Hakugeuka.

"Andikeni," alisema.

Tukaandika.